Bibi amesahau majina, lakini mikono yake inakumbuka

Mwezi uliopita nilikwenda Kileo, wilayani Mwanga, kwenye msiba. Wanaoijua tambarare ile chini ya Milima ya Upare wanalijua pia jua lake: ikifika saa tano asubuhi kila mtu ameshatafuta kivuli. Daktari akienda msibani hapumziki. Huyu anakuonyesha mguu uliovimba, yule anakuletea karatasi za vipimo. Siku ile mama mmoja wa makamo alinivuta pembeni akaniambia, “Daktari, naomba uje umwone mama mkwe wangu. Ni hapa nyuma tu.”

Nilimkuta bibi wa miaka 78 ameketi kitandani katika chumba cha uani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, kwa nje. Mkwe wake hakunificha sababu. Mara mbili bibi alitoka alfajiri akisema anakwenda shambani, shamba ambalo liliuzwa miaka mingi iliyopita. Mara ya pili vijana wa bodaboda walimkuta kando ya barabara, hana viatu. “Nina watoto watatu wa shule, nina mifugo, mume wangu yuko Dar es Salaam. Ningefanyaje, daktari?”

Nilimwamkia bibi, “Shikamoo.” Akajibu papo hapo, “Marahaba mwanangu,” kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake. Nikamwuliza tuko mwezi gani, hakujua. Nikamwuliza jina la huyu anayempikia kila siku, akatabasamu tu. Ndipo nikaomba ungo na mahindi kidogo. Tulipomwekea ungo mapajani, mikono ilianza kazi bila kuambiwa: anarusha, anapokea, anatikisa, anapuliza makapi. Mgongo ukanyooka. Mkwe wake akasema hajamwona akiketi wima hivyo tangu Krismasi.

Leo, msomaji wangu, nataka tuzungumze kuhusu kamba ile na ungo ule.

Si uzee tu

Bibi yule ana demensia, hali ambayo wengi huiita ugonjwa wa kusahau. Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni dalili zinazotokana na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo, na unaojulikana zaidi ni ule wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906. Demensia nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, hasa kwa watu waliokaa na shinikizo la damu kwa muda mrefu bila matibabu.

Kusahau mahali ulipoweka funguo si demensia. Kushika funguo na kutojua ni za kazi gani, hiyo ni dalili. Mgonjwa hurudia swali lile lile, hupotea njia aliyoipita maisha yake yote, hushindwa kupika chakula alichozoea au kuhesabu chenji, hubadilika tabia, huwashuku watu wa nyumbani kwamba wamemwibia. Mambo hayo huja polepole na huzidi mwaka hadi mwaka.

Nikiri jambo moja. Nikiwa daktari kijana, niliwahi kuwaambia ndugu wa mgonjwa, “Ni uzee tu, mpelekeni nyumbani mkae naye vizuri.” Nilidhani nawafariji. Kumbe niliwafungia mlango: hawakurudi tena kuuliza, na mzee wao alikaa mwaka mzima bila mtu kumpima hata shinikizo la damu. Uzee huongeza uwezekano wa kupata demensia, lakini wazee wengi hawaipati kamwe.

Na huku kwetu si jambo la mbali. Watafiti waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoa huu huu wa Kilimanjaro, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba asilimia 6.4 ya watu wa umri huo wana demensia. Yaani ukikusanya wazee 100 wa umri huo kwenye ibada ya Jumapili, sita kati yao huenda wanayo. Utafiti mwingine katika wilaya hiyo hiyo uliwakuta takriban wazee saba kati ya kumi wana shinikizo la juu la damu. Weka takwimu hizo mbili pamoja, utaona safari inakoelekea tusipochukua hatua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wao wanahudumiwa nyumbani, na wanaowahudumia zaidi ni wanawake: binti, mke, mkwe.

Dunia ina dawa mpya, sisi tuna nini?

Huenda umesikia habari kwamba dawa ya Alzheimer imepatikana. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa inayoitwa lecanemab, na mwaka uliofuata nyingine iitwayo donanemab. Lakini zisikilize habari hizo hadi mwisho. Dawa hizi haziponyi. Zinapunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo, na kwa watu walio katika hatua za mwanzo tu. Kwa kawaida hutolewa kwa dripu, na mgonjwa anahitaji picha za MRI mara kwa mara kwa sababu zinaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu. Lecanemab ilipoingia sokoni, bei yake ilikuwa dola 26,500 za Marekani kwa mwaka. Familia ya Kileo ingeuza mifugo yote na bado isifikie.

Kwa hiyo swali la maana kwetu ni hili: kitu gani kinaweza kufanyika leo, uani, bila kuuza ng’ombe?

Jibu mojawapo limeshajaribiwa hapa hapa Kilimanjaro. Wataalamu walichukua tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyoanzia Uingereza, wakairekebisha ifae mazingira yetu, kisha wakaijaribu Hai kwa watu 34 wenye demensia. Ni vipindi 14 katika wiki saba. Wazee hukaa pamoja, huimba, hucheza kwa kurushiana mpira, huzungumzia vyakula, kazi za mikono na mambo ya zamani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kufikiri, wasiwasi kupungua na maisha ya kila siku kuwa bora. Watu 34 ni wachache, na mimi sitakuambia kwamba jambo limekwisha. Lakini ni wazee wetu, vijijini kwetu, bila mashine yoyote.

Je, mazoezi ya mwili? Hapa nataka uwe makini, kwa sababu maneno mengi yanazagaa kwenye simu. Mwaka 2018 Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa watu 494 wenye demensia. Baadhi yao walifanyishwa mazoezi ya nguvu kwa miezi minne: baiskeli za mazoezi, kunyanyua vyuma. Miili yao iliimarika. Kumbukumbu zao hazikuimarika. Kushuka kwake hakukupungua hata kidogo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mzee wako akikimbia kila asubuhi atapona kusahau, anakudanganya.

Mazoezi mepesi yanayounganisha mwili, pumzi na utulivu yana hadithi tofauti kidogo. Kusini mwa Uingereza watafiti walijaribu tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, kwa jozi 85 za wagonjwa na wanaowahudumia. Kipimo kikuu, yaani kasi ya kuinuka kitini na kutembea, hakikubadilika. Lakini wagonjwa waliofanya tai chi walianguka mara chache zaidi na maisha yao yalikuwa na ubora zaidi. Nako San Francisco, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha California walibuni mazoezi ya kikundi yanayofanyika zaidi kwenye kiti, kwa mwendo wa polepole, yanayorudia miondoko ya kila siku kama kuinuka na kuketi. Kundi walilolijaribu lilikuwa dogo, lakini matokeo yalitia moyo.

Maana yake kwako ni nini? Usiyafanye mazoezi haya ukitarajia bibi akumbuke jina lako. Yafanye ili asianguke. Yafanye ili aweze kuinuka chooni bila kubebwa, aketi kwa raha, na apate saa moja ya siku ambayo hakuna anayemwuliza maswali asiyoweza kujibu. Kwa mzee, kuvunjika nyonga mara nyingi ndiko mwanzo wa kulala kitandani moja kwa moja. Kuzuia kuanguka si jambo dogo.

Kwa nini mikono ilikumbuka

Ubongo hauweki kumbukumbu zote katika ghala moja. Sehemu inayohifadhi matukio mapya, kama nani alikuja jana, ndiyo inayoathirika mapema katika Alzheimer. Miondoko tuliyoirudia maelfu ya mara, kama kupepeta, kusuka, kutwanga, kupalilia, imehifadhiwa kwingine, na mara nyingi huchelewa kuguswa na ugonjwa. Ndiyo maana bibi anajibu “marahaba” bila kufikiri. Ndiyo maana mzee aliyesahau majina ya wajukuu anaimba wimbo wa kwaya beti zote, au anasimama kwenye swala na mwili unajua lini kurukuu na lini kusujudu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Huhitaji kumfundisha kitu kipya. Tafuta mwili wake unajua nini. Kwa mama wa Upareni aliyepika makande maisha yake yote, kuchambua mahindi na maharage ni zoezi la vidole, macho na utulivu. Kwa babu aliyelima tangawizi kule milimani Same, kushika mpini wa jembe kuukuu akiwa ameketi na kuuvuta taratibu ni zoezi la mabega. Kwa Mwislamu, swala akiwa ameketi kwenye kiti ni mwendo, pumzi na amani kwa pamoja. Mruhusu aifanye hata akikosea mpangilio. Si mtihani.

Dakika kumi na tano za asubuhi

Hivi ndivyo nilivyomwelekeza yule mkwe. Chagua saa moja au saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, baada ya chai. Saa iwe ile ile kila siku. Tumia kiti cha mbao kizito chenye mgongo, kilichoegeshwa ukutani. Viti vya plastiki huteleza na miguu yake hukunjika; usivitumie. Mvalishe viatu visivyoteleza, si ndala. Kaa mbele yake, uso kwa uso, kwenye kiti chako, ili akuone na kukuiga.

Kwanza, pumzi. Nyayo zote mbili ziguse sakafu. Weka mkono wako kifuani, naye aweke wake. Vuta hewa kwa pua, itoe taratibu kwa mdomo kama unayepuliza chai ya moto. Mara tano. Usihesabu kwa sauti ya mwalimu.

Pili, mabega na shingo. Pandisha mabega kuelekea masikioni, yashushe. Geuza uso taratibu kulia, kisha kushoto. Shingo isizungushwe duara.

Tatu, mikono. Mwondoko wa kupepeta, kwa ungo au bila ungo, mara kumi. Kisha kupanguana viganja, kufungua na kufumba vidole. Mkirushiana mpira wa matambara kwa karibu, vizuri zaidi; wajukuu wanajua kuutengeneza.

Nne, miguu. Akiwa ameketi, anyanyue goti moja, alishushe, kisha jingine, kama anayetembea. Mwimbie wimbo wenye mapigo ya polepole ili miguu iufuate. Kisha anyooshe mguu mmoja mbele, auhesabie pumzi mbili, aurudishe.

Tano, kuinuka na kuketi. Hili ndilo zoezi lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo lenye hatari. Simama pembeni yake, mkono wako mmoja uwe mgongoni. Asogee mbele kitini, ainame kidogo, ainuke, atulie, aketi taratibu. Mara tatu zinatosha kwa wiki ya kwanza. Akiweza kusimama, ashike mgongo wa kiti na kuhamisha uzito mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kama anayeyumba kwa ngoma ya polepole.

Mwisho, rudieni pumzi. Msugue viganja kwa mafuta kidogo. Mshukuru.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 za mwendo kwa wiki kwa watu wazima, wakiwemo wazee, na, kwa wazee, mazoezi ya mizania siku tatu au zaidi kwa wiki. Usikate tamaa ukiona hufikii hapo. Mwongozo huo huo unasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Dakika 15 siku sita ni dakika 90. Akiongeza kutembea nawe hadi kwa jirani na kurudi, mmekaribia.

Namna unavyosema ni nusu ya zoezi. Toa agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache: “Inua mkono.” Kisha onyesha, halafu subiri. Ubongo wake unahitaji muda, na wengi wetu tunarudia agizo kabla la kwanza halijafika. Usimwulize “unakumbuka jana tulifanya nini?” Ukifanya hivyo umemgeuza mwanafunzi aliyefeli. Akikataa leo, acha. Mwite tena baada ya nusu saa kana kwamba ni mara ya kwanza, maana kwake ni mara ya kwanza kweli.

Kwako mzazi

Wasomaji wengi wa safu hii ni wazazi, na baadhi yenu mmebanwa pande mbili: mtoto mgongoni, mama mzazi kitandani. Msiwafiche watoto hali ya bibi. Mtoto asipoelezwa hujaza mwenyewe: atadhani bibi amemchukia, au atabeba yale anayoyasikia mtaani kwamba bibi ni mchawi. Sote tunajua maneno hayo yaliwafikisha wapi wazee wa Shinyanga na Mwanza, na jirani zetu wa Kilifi huko Kenya. Macho mekundu ya moshi wa jikoni, maneno yasiyoeleweka, kutembea usiku: vyote vina maelezo ya kitabibu.

Mwambie mtoto hivi: “Ubongo wa bibi unaumwa. Anatupenda, ila majina yetu yanamponyoka.” Kisha mpe kazi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuongoza zoezi la mikono kuliko mimi, kwa sababu hana haraka na haoni aibu kuimba. Asiachiwe zoezi la kuinuka, hilo ni la mtu mzima. Wala asiachwe peke yake kumlinda bibi.

Kabla ya kuanza, na lini pa kuacha

Kwanza hakikisha ni demensia. Yapo mambo yanayofanana nayo na yanayotibika: sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, kaswende, VVU, damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Masikio yasiyosikia na macho yenye mtoto wa jicho humfanya mtu aonekane amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyo. Dawa pia: za usingizi, piritoni za mafua na amitriptilini huvuruga akili ya mzee. Nenda na dawa zote anazotumia kwenye mfuko, umwonyeshe daktari.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, hiyo si demensia inayozidi. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji au kiharusi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Usianze mazoezi ya kusimama kama amevunjika mfupa hivi karibuni, kama shinikizo la damu halijadhibitiwa, au kama huzunguka kichwa akiinuka. Acha mara moja akisema kifua kinauma, akihema sana, akitoka jasho baridi au akibadilika rangi. Mpe maji kabla na baada; wazee wenye demensia husahau kiu.

Kamba je?

Nilimwomba mkwe yule aifungue. Sikumlaumu, kwa sababu aliifunga kwa hofu na si kwa ukatili. Lakini chumba kilichofungwa kwa nje ni hatari: moto ukitokea, bibi akianguka, hakuna wa kumfikia kwa haraka. Isitoshe, mtu anayeketi kutwa nzima huchoka misuli, husinzia mchana, na usiku ndipo anapoamka kutafuta shamba lake.

Tulipanga hivi. Mchana mlango uwe wazi na geti la ua lifungwe. Kopo lenye mawe lining’inizwe kwenye geti, likisukumwa lilie. Vijana wa bodaboda na mwenye duka wapewe namba ya simu ya nyumbani, na namba hiyo hiyo ishonwe ndani ya kitenge cha bibi. Usiku mkwe alale jirani naye, ufunguo ukiwa ndani. Na bibi akisema anakwenda shambani, asibishiwe kwamba shamba liliuzwa. Aambiwe, “Haya bibi, twende,” wazunguke ua mara mbili, wapepete mahindi, wanywe uji.

Nilimpigia simu wiki iliyopita. Bibi bado hajui jina lake. Ameanguka mara moja, bila kuumia. Usiku analala hadi saa kumi, zamani ilikuwa saa saba. Anaipenda saa ya mpira wa matambara. Nilipomwuliza mkwe yeye mwenyewe anaendeleaje, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nimechoka, daktari. Ila sijafunga kamba tena.”

Si kazi ya mtu mmoja

Jibu hilo limenikaa. Tunaweza kuandika mazoezi mazuri kiasi gani, lakini kama anayeyasimamia ni mwanamke mmoja aliyechoka, hayatadumu.

Mwaka 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana mpango wa kukabili demensia hadi 2025, na lengo la kwanza lilikuwa asilimia 75 ya nchi ziwe na sera au mpango wake wa taifa. Lengo hilo halikufikiwa, na muda umeongezwa hadi 2031. Sisi tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Hawa ndio watakaopita nyumba kwa nyumba, wakiuliza kuhusu chanjo, lishe na kifua kikuu. Ombi langu kwa wanaopanga kazi yao ni dogo: ongezeni swali kuhusu mzee anayesahau, na wafundishwe mazoezi haya ya kwenye kiti. Hayahitaji dawa wala umeme, na mafunzo yake ni ya siku chache.

Lakini tusisubiri wizara. Wapare wana msaragambo, watu wa kijiji kutoka pamoja kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, na hakuna anayeambiwa mfereji ni wake peke yake. Mzee mwenye demensia anahitaji msaragambo wa namna hiyo. Kikundi cha akina mama wa kanisani au msikitini kinaweza kuwakusanya wazee watano chini ya mwembe mara mbili kwa wiki, wakaimba, wakarushiana mpira, wakapepeta. Wakati huo mkwe akaoga, akalala, akaenda sokoni. Na wewe ndugu uliye Dar es Salaam, Arusha au Muscat, pesa unayotuma ni nzuri, lakini piga simu umwulize anayemhudumia mama yako analala saa ngapi. Ukija likizo, mpe wiki moja ya kupumzika. Hiyo nayo ni dawa.

Mwisho, kwako wewe mwenye miaka arobaini au hamsini unayesoma haya ukijiuliza kama zamu yako itafika. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kuzuilika au kucheleweshwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kutosikia vizuri, upweke na kukaa bila kujishughulisha. Kapime shinikizo wiki hii. Kisha kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, vuta viti viwili uani, kimoja chako na kimoja cha mzee wako, mkae uso kwa uso na muanze na pumzi tano.